Pikipiki Ikikataa Kuwaka: Somo la Buji na Esansi

Wewe ukaaye katika vijiji vilivyo nyuma ya migodi, upande wa Kasumbalesa, wa Musoshi, wa Kinsenda na njia ya kwenda Sakania, wajua ya kuwa zamani mtu aliyachukua mahindi yake kwa kichwa, kisha akayachukua kwa kinga, na leo huyachukua kwa pikipiki. Gunia la makala, mbolea ya Novemba, mtoto mwenye homa, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane: ni tukutuku hiyo hiyo moja. Ikikataa kuwaka asubuhi ya soko, hasara ni ya fedha. Ikikataa kuwaka usiku wa mgonjwa, hasara ni kubwa kuliko fedha.

Tena pikipiki nyingi za vijijini si mpya. Ziko Yamaha AG100 za namna ile waliyopewa mabwana shamba wa nchi nyingi za Afrika, ziko Honda CG125, ziko TVS na Bajaj zilizokwisha kupita katika mikono ya watu watatu wanne. Mashine ya namna hii si mbaya. Kinyume chake, ni rahisi kufunguliwa na mtu mwenye akili na subira. Walakini mwenyewe akiona haiwaki, mara nyingi huisukuma mpaka kwa fundi wa kwanza amwonaye, na huyo, ikiwa hajui au si mwaminifu, humwambia anunue bobini, kisha kisanduku cha moto, kisha kabureta mpya. Fedha ya mahindi ya mwaka mzima huisha hapo, na kumbe ubaya ulikuwa tundu dogo la kifuniko cha tangi lililozibwa na udongo.

Somo hili lataka kukuonyesha jinsi ya kuutafuta ubaya kwa taratibu, wewe mwenyewe, kwa vyombo vichache: ufunguo wa buji, bisibisi, chupa nyeupe ya kioo, kipande cha msumeno wa kukatia chuma, na pampu ya kinga.

Majina ya mafuta

Kabla ya yote tupatane juu ya majina, maana hapa mpakani jina moja lina vitu viwili. Sisi wa Kongo tulilifuata neno la Kifaransa, na mtu wetu akisema petroli, maana yake ni mafuta ya taa. Ng'ambo ya mpaka, huko Chililabombwe na Chingola, watu walilifuata neno la Kiingereza. Kwao petroli ndiyo mafuta ya pikipiki, yaani esansi yetu, na mafuta ya taa huyaita parafini. Madereva wa malori watokao Tanzania nao huiita esansi petroli. Basi mtoto aliyetumwa na bidoni kwenda kununua, akikosea neno, aweza kurudi na mafuta ya taa, hali muuzaji hakumdanganya hata kidogo. Katika somo hili tutasema esansi kwa mafuta ya pikipiki, mafuta ya taa kwa yale ya taa, na mazuti kwa yale ya malori. Buji ni ile ambayo watu wa Tanzania huiita plagi.

Neno la moto

Neno hili tumeliweka mbele makusudi. Katika esansi kitu kishikacho moto ni mvuke wake. Mvuke huo huuoni kwa macho. Ni mzito kuliko hewa, hushuka chini na kutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, mpaka ukutane na mbabula au taa; ndipo moto urudipo nyuma kwa njia ile ile mpaka kwenye bidoni. Hivyo nyumba huweza kuungua ingawa bidoni ilikuwa mbali na moto kwa hatua nyingi. Kazi yote tutakayoieleza sharti ifanywe nje, mchana, penye upepo, pasipo sigara wala makala. Weka ndoo ya mchanga karibu. Usimwagie maji esansi inayowaka, kwa kuwa huelea juu ya maji na moto huenea.

Tena usivute esansi kwa mdomo ili kuitoa katika tangi. Tone dogo likiingia mapafuni laweza kumwua mtu. Na esansi iliyotiwa katika chupa ya soda, ikawekwa chini ya kitanda, ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Akiinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Mpeleke hospitali upesi.

Anza na yaliyo rahisi

Injini yataka mambo matatu: esansi iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, cheche kwa wakati wake, na nguvu ya kuishindilia hewa ile katika silinda. Jambo la tatu likiharibika, kazi ni ya fundi. Mawili ya kwanza ni yako, na ndiyo yaletayo taabu nyingi zaidi.

Usikimbilie bisibisi. Kwanza tazama swichi nyekundu iliyo kwenye usukani, mkono wa kulia. Watoto hupenda kuibonyeza, na mtu huweza kupiga kiki mpaka jasho limtoke hali moto umezimwa. Kisha tazama koki ya tangi. Ina mahali patatu: pa kufunga, pa kwenda, na pa akiba. Itikise pikipiki, usikilize kama kuna esansi ndani. Wako watu waendeshao siku zote katika akiba. Si desturi njema, kwa sababu akiba hunywa chini kabisa ya tangi, na huko ndiko maji na kutu hukaa.

Sasa vuta mpira wa esansi unaoingia katika kabureta, utie ncha yake katika chupa ya kioo, ufungue koki. Katika pikipiki nyingi za zamani esansi itashuka mara moja. Ikitoka mfululizo, vema. Isipotoka kabisa, chujio dogo lililo ndani ya koki limezibwa na kutu. Toa esansi yote, fungua koki, ulioshe. Ikianza vizuri, kisha ikapungua, ikawa matone, usifungue kitu kingine: fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kutoka kwa nguvu, umekwisha kuupata ubaya.

Jambo hili la kifuniko twalieleza zaidi, maana huwatesa watu wengi. Esansi itokapo chini ya tangi, hewa sharti iingie juu kuchukua mahali pake. Ndiyo sababu kifuniko kina tundu dogo. Umekwisha kuona kopo la maziwa likitobolewa tundu moja tu: maziwa hushikwa, hayatoki, mpaka utoboe la pili. Tangi ni vivyo hivyo. Dalili yake ni hii: pikipiki huenda vizuri kilometa kadha, kisha hulegea na kufa kama iliyokwisha esansi, ukingoja kidogo huwaka tena, huenda, hufa tena. Vumbi jekundu la njia zetu pamoja na mvua hufanya udongo mgumu katika tundu hilo. Lisafishe kwa waya mwembamba, uoshe kifuniko kwa maji ya sabuni, ukikaushe kabisa. Tena wako watu watiao kipande cha plastiki chini ya kifuniko ili mvua isiingie. Hao wameliziba tundu kwa mkono wao wenyewe.

Esansi yenyewe ni safi?

Ile chupa uliyoijaza usiimwage. Iweke mahali palipotulia kwa robo saa, mbali na watoto. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yatashuka chini, nawe utaona mstari, au shanga ndogo zikiviringika chini ya chupa ukiinamisha. Maji huingia kwa njia nyingi: mvua ya Januari juu ya kifuniko kibovu, bidoni iliyooshwa isikaushwe, na hata ubaridi wa usiku, maana tangi lililo nusu tupu hupata umande ndani yake katika miezi ya Juni na Julai. Hakuna haja ya kununua kitu. Chini ya bakuli la kabureta pana skurubu ndogo ya kutolea maji. Ifungue, acha yatoke, ufunge. Kama yamo mengi, toa yote ya tangini pia. Ukimimina kutoka bidoni, usimimine vidole viwili vya mwisho. Hapo ndipo uchafu ulipo.

Ubaya wa pili ni esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, na kando yake tone la esansi uijuayo kuwa njema. Esansi njema hukauka upesi na kuacha alama hafifu au isiache kabisa. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta likaalo. Pikipiki iliyopewa mchanganyiko huo huwaka kwa shida asubuhi ya baridi, hutoa moshi wenye harufu ya taa, hugonga ikipanda kilima na mzigo, na buji yake hurudi kuwa nyeusi siku chache baada ya kusafishwa. Wauzaji wa chupa barabarani, ambao Kongo yote huwaita Kadhafi kwa jina la yule aliyekuwa mtawala wa Libya, nchi ya mafuta, hatusemi wote ni wadanganyifu. Wengine huuza walichouziwa. Lakini nunua kwa mtu mmoja umjuaye, tena ulipime tone lake mbele yake. Hata likikuonyesha neno jema, atajua ya kuwa wewe hupima.

Kuitoa na kuisoma buji

Buji ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Umeme wa volti elfu nyingi hushuka katika ncha ya katikati, huruka nafasi ndogo mpaka kidole cha chuma kilicho pembeni, na mruko huo ndio cheche. Kauri nyeupe huuzuia umeme usitoroke kando. Kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart, Ujerumani, ilitoa magineto ya volti nyingi pamoja na buji yake mwaka 1902, na mwenye gari la siku zile angeitambua buji yako ya leo bila kuuliza.

Ngoja injini ipoe. Halafu, kabla ya kufungua, pulizia hewa pande zote za buji kwa pampu ya kinga. Watu wengi huruka jambo hili. Mchanga uliokaa kando ya buji huanguka ndani ya silinda, nao huikwaruza kama tupa. Kisha itoe buji, uitazame ncha yake mwangani. Itakueleza habari za ndani ya injini kuliko maneno ya fundi.

Ikiwa ncha ni kavu na ina rangi ya udongo wa kichuguu, hudhurungi isiyokolea, injini yala vizuri. Tafuta ubaya mahali pengine. Wekundu kidogo usikutishe, mara nyingi hutoka katika dawa zitiwazo ndani ya esansi. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, esansi ni nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limejaa vumbi, au choki imebaki imefungwa, au cheche ni dhaifu. Kumbuka pia ya kuwa nchi yetu iko juu, mita 1,200 na zaidi kupita usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa esansi kupita kiasi kidogo huku kwetu. Weusi kidogo si ugonjwa.

Ikiwa nyeusi na yenye kung'aa kwa oili, na injini ni ya mapigo manne kama Honda CG125, pete za pistoni au valvu zimechoka. Kuisafisha buji kutakupeleka sokoni na kukurudisha, lakini dawa yake ni kwa fundi. Ikiwa imelowa esansi, moja katika mawili: ama umepiga kiki nyingi na choki mpaka injini imefurika, ama hakuna cheche kabisa. Kwa mafuriko, funga koki, buji ikiwa nje mahali pakavu, fungua hewa yote kwa mkono wa kulia, upige kiki kama mara kumi huku swichi nyekundu ikiwa imezimwa, ndipo uirudishe.

Lakini ukiiona nyeupe kama chokaa, au ncha yake imeyeyuka, simama. Usifurahi kwamba ni safi. Injini yapata hewa nyingi na esansi chache, nayo yawaka kwa joto kupita kiasi. Ukiendelea kubeba magunia mawili kwenye vilima, pistoni itatoboka. Tafuta mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini, au jikleri iliyozibwa, kama tutakavyosema.

Kusafisha, kupima, kununua

Masizi yaondoe kwa brashi ya waya wa shaba au kwa mwiba mkavu. Usiisugue kwa mchanga. Wengine huichoma katika makala mpaka iwe nyekundu, wakisema imefufuka. Kauri hupata ufa usioonekana, na umeme hupita katika ufa badala ya kuruka.

Nafasi kati ya ncha na kidole sharti ipimwe. Kwa Honda CG125 ni sehemu 6 mpaka 7 katika kumi za milimita, na pikipiki ndogo nyingi zimo katika kadiri hiyo au karibu nayo. Huna kipimo? Mgongo wa msumeno wa kukatia chuma, ule wa mkono, una unene wa milimita 0.6 na kidogo. Upitishe upande usio na meno: ukipita kwa kugusagusa, ni sawa. Nafasi ikiwa kubwa, gonga kidole taratibu juu ya ubao. Ikiwa ndogo, kiinue kwa bisibisi, wala usiiguse ncha ya katikati.

Ukinunua mpya, nenda na ile ya zamani, usome nambari yake. Katika alama za NGK, tuseme D8EA ya Honda CG125, herufi D ni unene wa milimita 12, E ni urefu wa uzi wa milimita 19, na 8 ni habari ya joto: nambari ikiwa kubwa, buji hupoa upesi zaidi. Bosch huhesabu kinyume, kubwa ni ya moto. Basi usinunue kwa kulinganisha nambari ya kampuni hii na ya kampuni ile. Tena urefu ni neno la hatari. Ndefu kupita kiasi hugongwa na pistoni, na injini hufa siku hiyo hiyo. Buji za bandia ni nyingi sokoni. Ile ambayo maandishi yake hufutika kwa kidole, iache.

Kuirudisha, ianze kwa vidole tu, mpaka ikae yenyewe. Uzi wa kichwa cha injini ni wa aluminiumu laini. Ukiupotosha kwa ufunguo, umeharibu kichwa kizima. Ikiwa mpya, ikisha kukaa, ongeza nusu mzunguko kwa ufunguo. Ya zamani yataka kidogo tu.

Kutafuta cheche

Mbali na tundu la injini, ambalo utalifunika kwa kitambaa, tia buji katika kofia yake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha injini pasipo rangi, uishike kwa kitambaa kikavu kwenye mpira wa kofia. Washa ufunguo wa moto, upige kiki. Cheche ya buluu yenye mlio wa kukatika ni njema. Ya manjano, nyembamba, isiyolia, ni dhaifu. Usipige kiki buji ikining'inia bila kugusa injini, kwa kuwa umeme usiopata njia waweza kuipasua bobini.

Isipoonekana cheche, badili buji kwanza, maana ndiyo rahisi. Ukishindwa tena, tazama kofia. Katika pikipiki nyingi hufunguka kwa kuzungushwa. Kata waya upana wa nusu ukucha mpaka uone shaba inayong'aa, uirudishe kwa kuizungusha. Tumeona jambo hili dogo likifaulu mara nyingi kuliko bobini mpya. Wakati wa mvua, ipige kiki gizani: ukiona cheche ndogo zikitambaa nje ya kofia au waya, ufa uko hapo. Kausha, kisha badili kofia. Ikiwa mashine yako ni ya zamani sana, yenye platini, zifute kwa karatasi safi. Mafuta kidogo juu yake huuzima moto.

Tena ujue neno moja liwapotezalo hata mafundi: cheche huruka kwa wepesi katika hewa wazi, lakini ndani ya silinda, hewa ikishindiliwa, huruka kwa taabu. Kwa hiyo buji iliyochoka yaweza kuonyesha cheche mkononi na kuikosa ndani. Hapo hakuna kipimo ila kutia nyingine uijuayo.

Kabureta

Ikiwa esansi yafika, ni safi, na cheche ni njema, ndipo uifungue kabureta, si kabla. Dalili zitakuonyesha mahali. Pikipiki iwakayo kwa choki tu, na kufa ukiachia mkono, imezibwa jikleri ndogo ya mwendo wa pole. Iwakayo vema lakini hukohoa ukifungua hewa yote kilimani, ni jikleri kubwa, au esansi ishukayo kwa uhaba. Na esansi idondokayo chini kwa mpira wa ziada hali pikipiki imesimama, ni sindano ya boya isiyoziba. Hiyo usiiache hata siku moja. Katika injini ya mapigo manne esansi yaweza kushuka ndani na kuchanganyika na oili. Nusa kijiti cha kupimia oili, na kama kina harufu ya esansi, badili oili kabla ya kuiwasha.

Tandika kitambaa cheupe. Fungua bakuli la chini. Toa jikleri za shaba moja moja, uzitazame mwangani. Sharti uone duara kamili la mwanga. Pikipiki iliyokaa miezi mitatu bila kutumiwa huwa na gundi ya kahawia ndani ya ile ndogo, kwa kuwa esansi hukauka na kuacha uto wake. Ilowekwe katika esansi safi, ipulizwe kwa pampu ya kinga, izibuliwe kwa unywele wa brashi au uzi wa kuvulia samaki. Usitie waya wa chuma: tundu lile lilipimwa kiwandani, na ukilipanua kidogo tu, hutajua tena kwa nini buji ni nyeusi siku zote.

Ile skurubu ndogo ya pembeni, kabla ya kuitoa, izungushe ndani polepole mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, uandike hesabu juu ya karatasi. Mara nyingi ni mmoja na nusu au karibu. Utairudisha kwa hesabu ile ile. Boya litikise karibu na sikio. Likiwa la shaba na lina esansi ndani, limetoboka.

Vumbi na oili

Barabara kubwa ya kwenda Lubumbashi ina lami, lakini njia zetu za mashambani, zilizochimbwa na malori ya migodi, kuanzia Mei mpaka Oktoba ni unga mwekundu. Chujio la sponji lioshe kila juma kwa maji ya sabuni, ulikamue bila kulisokota, ulikaushe kivulini, ulitie matone ya oili ya injini na kulikamua tena. La karatasi halioshwi. Lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Wako vijana walitoao kabisa ili pikipiki ipige kelele na kukimbia. Inakimbia kweli, mpaka vumbi limekwisha kula pete za pistoni, na hapo hununua injini.

Kwa injini za mapigo mawili, kama AG100, oili ina tangi lake; lisitazamwe kwa mwezi bali kila siku ya safari, maana likikauka pistoni hushikwa njiani. Zile zitakazo kuchanganywa kwa mkono, fuata kipimo cha kitabu chake: cha 1 kwa 25 ni mililita 40 kwa kila lita. Tumia oili ya mapigo mawili. Oili ya malori huacha makaa juu ya buji, na pengine uzi mwembamba wa kaa huunganisha ncha na kidole. Cheche hukoma mara moja katikati ya safari. Ndiyo buji iwezayo kufufuliwa kwa ukucha, kando ya barabara, katika dakika mbili.

Ikifa njiani, ikiwa ya moto

Tuseme umetoka Kasumbalesa na gunia la mbolea, na baada ya nusu saa imekufa. Usingoje ipoe, ikisha kupoa, ushahidi umepotea. Sukuma kwanza mpaka nje ya lami, mbali na malori, hasa usiku. Fungua kifuniko cha tangi, usikilize kama hewa yavutwa ndani, ukifunge tena, upige kiki. Ikiwaka, ni tundu. Isipowaka, toa buji kwa kitambaa, maana yaunguza, utie katika kofia buji ya akiba, utafute cheche papo hapo. Ikiwa hakuna cheche ikiwa ya moto, na ikipoa cheche yarudi, bobini au waya zilizo ndani ya injini zimechoka. Hapo, na si kabla ya hapo, inafaa kutoa fedha yako kwa bobini. Ikiwa cheche ipo na buji ni kavu, esansi haifiki. Ikiwa cheche ipo na buji imelowa, injini imefurika.

Basi chini ya kiti weka buji ya akiba iliyokwisha kupimwa kwa msumeno, ikiwa imefungwa katika kitambaa kikavu, pamoja na ufunguo wake na kipande cha waya mwembamba kwa ajili ya kifuniko cha tangi.